Uji Niliouficha

Assalaam alaykum. Na wenzangu wa kanisani, Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa shikamooni. Mtaniwia radhi, nitasema nikiwa nimekaa. Nimetoka Kivinje alfajiri, na miguu yangu siku hizi haina adabu, inanigomea mbele za watu. Muuguzi wa wodi hii amenibembeleza mara tatu nije kuzungumza na nyie wazazi wenye watoto walioungua. Mara mbili nimekataa. Aibu ninayo, lakini nimeshaizoea. Kinachonishinda ni uchovu. Habari hii kila nikiisema inanichosha upya.

Haya. Mwenzenu kazi yangu kuchemsha dagaa. Wa pwani mnaijua: pipa limekatwa nusu, maji ya bahari ndani, kuni chini, dagaa wanatoswa kidogo kisha wanaanikwa. Kwa kuzaliwa mimi ni Mmatumbi wa Njinjo, nimeolewa Kivinje. Binti yangu wa tatu, mwenye miaka saba, alikuja kunifuata pale kwenye mapipa mchana, katoka shule, anakimbia kuniambia ameshika namba mbili darasani. Akajikwaa kwenye kuni. Mkono wake wa kulia ukaingia kwenye maji yanayochemka mpaka juu ya kiwiko.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Ile sauti nyie wenyewe mnaijua.

Watu wakaja na tiba zao, huyu na ute wa yai, huyu na dawa ya meno. Mume wangu akawafukuza wote, akatupakia kwenye pikipiki. Baada ya siku mbili tukawa tumeletwa hapa. Daktari akasema ngozi imekufa, lazima achukuliwe ngozi ya paja apandikizwe mkononi, la sivyo kovu litavuta na kiwiko kitabaki kimekunjika hivi, hakikunjuki tena. Mume wangu aliuliza swali moja tu.

"Ataweza kula kwa mkono wa kulia?"

"Hilo ndilo tunalolipigania, mzee," daktari akamjibu.

Basi mimi kichwani likabaki hilo hilo. Nikiona mtu anakula wali barazani, naangalia kiwiko chake. Nikiona mtoto wa mwenzangu anajikuna mgongo, naangalia kiwiko. Nilikuwa kama mwehu, jamani.

Siku moja kabla ya upasuaji, wifi yangu alinipigia simu. Wifi yangu ni mtu mwema, msije mkatoka hapa mkasema nimemsengenya. Akaniambia, "Ile dawa ya usingizi inamwondoa mtoto mahali alipo. Asiende hivi hivi mikono mitupu." Akaenda kwa mwalimu wa madrasa, akaandikiwa kombe. Aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, maji yakatiwa kwenye chupa. Mwalimu alisema wazi kabisa: anywe leo leo, mapema, kabla hajakatazwa kula. Chupa ikapewa mtu wa basi. Basi likaharibika njiani. Ilipofika, muuguzi alikuwa ameshapita kitanda hadi kitanda anatangaza, "Wa kesho, kuanzia sasa hakuna kula, hakuna kunywa."

Ningeweza kuiweka ile chupa mpaka mtoto atoke salama. Leo naliona hilo. Siku ile sikuliona.

Kulipokucha, baada ya swala, nikamchukua mwanangu nikasema nampeleka kumnawisha uso. Nikamzungusha nyuma ya wodi, pale kwenye mabomba ambapo huwa tunafua. Sasa wifi alikuwa ameniambia kombe halinywewi kwa tumbo tupu, linamtia mtoto kizunguzungu. Na mimi nilikuwa na uji wa mchele wa nazi kwenye chupa ya chai, uji wangu. Nikammiminia kikombe. Akanywa wote, njaa ilikuwa imemshika. Nikampa na kombe juu yake. Akapangusa mdomo kwa mkono wa kushoto, akaniuliza, "Mama, si muuguzi amekataza?"

Nikamwambia, "Hii ni dua. Dua haihesabiwi. Mtu akikuuliza, hujala."

Astaghfirullah. Kabla jua halijatoka nilikuwa nimeshamfundisha mwanangu uongo, na nikaufunga na dua.

Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji alisimama kijana wa usingizi, yule muuguzi anayewapa wagonjwa dawa ya usingizi. Mmwera, kwao upande wa Rutamba, mpole, ana macho ya mtu asiyelala. Akauliza, "Mama, kuna kitu amekula?"

"Hajala."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Mtoto akanitazama.

Wakamwingiza ndani, hawakukaa sana. Nikaona watu wanakimbia. Alikuwa ametapika akiwa usingizini, na matapishi yakaingia kwenye njia ya hewa. Walihangaika naye mpaka wakamrudisha, upasuaji ukaahirishwa, akakaa siku kadhaa na hewa ya mtungi puani. Wakaniuliza tena, mama una hakika hakula? Nikasema nina hakika. Mtu anadhani uongo wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Ni mwepesi, ndugu zangu. Unateleza wenyewe.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo nilipoanguka kwelikweli. Madaktari walikaa wakajiuliza: mtoto ana tumbo tupu, kwa nini atapike vile? Hawakupata jibu. Wakahofia huenda mwili wake haupatani na dawa za usingizi, wakaandika kwenye faili wawe waangalifu naye. Kabla ya hapo, siku za kubadilishwa bendeji alikuwa anapewa dawa ya kumlegeza, hajui kinachoendelea. Baada ya hapo akawa anapewa ya maumivu tu, ile nyepesi. Bendeji inabanduliwa yuko macho. Kila baada ya siku moja. Na mimi ndiye niliyekuwa namshika miguu.

Wiki tano. Ninajua sababu, nimeishika miguu yake, na nimefunga mdomo. Nilimwogopa mume wangu. Niliogopa ndugu zake waseme mama mwenyewe ndiye aliyetaka kumuua. Nilikonda mpaka kanga ikawa inanivuka. Watu wakasema, maskini, uchungu wa mwana. Ulikuwepo uchungu, na uoga ulikuwepo.

Siku moja katikati ya kubanduliwa bendeji mwanangu akaacha kupiga kelele. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, niambie nilichokosea. Sitarudia."

Nilitoka nje mbio.

Yule kijana wa usingizi akanifuata. Akasema, "Mama, kuna njia ya maneno nilifundishwa. Wataalamu wanaiita hipnosi. Mtoto hazimii, wala halali. Anaongozwa kwa maneno, akili yake inashughulika na mahali anapopapenda, na maumivu yanapungua. Wengine hata dawa wanahitaji kidogo."

Unajua nilimjibuje? Nilimwambia, "Unataka kumtia mwanangu ruhani." Nikampigia wifi simu hapo hapo, naye akasema, "Usikubali! Watampandisha jini, na kumshusha hawajui!" Nikamwita yule kijana mganga wa koti jeupe, kwa sauti, wodi nzima inasikia. Mtu aliyeokoa pumzi ya mwanangu! Yeye akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Nyie Wamatumbi mnabishana hata na mvua. Basi njoo usimame hapo usikilize. Ukisikia neno moja la kiganga, nisimamishe."

Nikaja. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursiyu moyoni, nimekaza meno.

Mara ya kwanza aliharibu. Akamwambia mtoto, "Fumba macho, vuta pumzi polepole. Uko ufukweni, mawimbi yanakuja..." Mtoto akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye mlango wa mapokezi. Anamtajia bahari mtoto aliyeunguzwa na maji ya bahari! Nikataka kumrukia. Lakini akaacha kila kitu, akapiga magoti mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, akasema, "Nimekosea. Kosa ni langu, si lako. Nilitakiwa nikuulize kwanza." Kisha akanigeukia na mimi, "Mama, samahani, nimekosea."

Nilishangaa. Mtu mzima, mwenye sare, anasema nimekosea mbele ya wanafunzi wa uuguzi waliokuwa pale na mbele ya mtoto wa miaka saba, na paa halikumwangukia. Usiku na mchana nilikuwa nawaza kwamba neno lile linaua.

Akamuuliza mtoto, "Wewe unapenda kuwa wapi?"

Mtoto, kamasi zinamtoka, akasema, "Dunguni kwa bibi."

Wa bara mnacheka, mnalijua dungu. Ni kile kibanda cha juu ya miti shambani, unakaa humo kulinda mpunga, ndege mchana, nguruwe jioni. Mama yangu kule Njinjo amefunga kamba yenye makopo kutoka dunguni mpaka mwisho wa shamba, ukiivuta makopo yanapiga kelele na ndege wanaruka. Mwanangu alikaa kwake msimu mzima, akarudi anaringa kwamba yeye ni askari wa mpunga.

"Ngazi yake ina vipandio vingapi?" kijana akauliza.

"Saba."

Akaniambia, "Mama, mpandishe wewe. Unapajua. Sema taratibu, uifuate pumzi yake. Na usimwambie 'hutaumia', maana masikio yatashika kuumia. Mwambie anachokiona."

Basi nikampandisha. Mimi, mchemsha dagaa. Nikasema, "Shika ngazi. Weka mguu kwenye kipandio cha kwanza, mti una baridi ya umande. Cha pili. Cha tatu, unaona vichwa vya mpunga. Cha nne..." Akafumbua jicho moja. "Cha nne kimevunjika, mama. Ruka." Kijana akazuia kicheko. Nikaruka cha nne. Tukafika juu. Kijana akaninong'oneza, muulize kama kuna kitu cha baridi huko. Nikakumbuka mtungi wa bibi wa maji ya kunywa. Nikamwambia atumbukize mkono wa kulia mtungini, mpaka kwenye bega, auache humo ukae baridi mpaka ufe ganzi, na mkono wa kushoto avute kamba ya makopo kila akiona ndege.

Na wao chini huku wanabandua bendeji.

Alikunja uso mara mbili. Chozi lilimtoka. Lakini hakupiga kelele, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unavuta kamba hewani, anasema, "Wameruka. Wengine wale." Jini sikuliona. Niliona mtoto wangu anapumzika kwa mara ya kwanza tangu aungue. Nilipomteremsha aliniuliza, "Wameshamaliza?"

Sitawadanganya kwamba kila siku ilikuwa hivyo. Kuna siku alikataa kabisa, akasema dungu limebomoka. Kuna siku mimi mwenyewe sauti haikutoka. Lakini mara nyingi ilishika.

Ikafika wakati wa kupanga upasuaji upya. Kijana akaja na faili, akakaa pembeni yangu kwenye benchi. Akasema, "Mama, kovu limeanza kuvuta kiwiko. Lakini daktari anaogopa kumpa dawa ya usingizi hapa, kwa ajili ya ile mara ya kwanza. Anataka kumwandikia rufaa, na huko foleni ni ndefu. Ningejua tu kwa nini alitapika, tungefanya wiki hii."

Nilitazama sakafu.

Kesho yake tukampandisha dungu kama kawaida. Tuko juu, mkono uko mtungini, mambo shwari, mwanangu macho kafumba akasema polepole, "Mama, bibi ananiletea uji. Ninywe? Halafu niseme sijanywa?"

Kijana wala hakushtuka. Alidhani ni mambo ya huko huko dunguni. Akaendelea na kazi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli wa Mungu: ningeweza kusema "kunywa mwanangu," tukateremka, na mpaka leo asingejua mtu yeyote. Mtoto alikuwa ananiomba ruhusa. Wiki zote zile alikuwa amenibebea mzigo wangu, katikati ya maumivu yale, hajamwambia hata baba yake.

Nikamwambia, "Kunywa, mama. Na mtu akikuuliza, mwambie umekunywa."

Walipomaliza nikamshika yule kijana mkono kwenye korido, nikamwambia yote. Uji, kombe, mabomba, uongo wa kwanza na wa pili.

Kisha akasema, "Mama. Wiki tano."

Akaondoka. Nilidhani amekwenda kuita askari. Akarudi uso umelowa maji, amenawa. Akasema, "Nimekukasirikia sana, sitakuficha. Lakini umesema, na umesema kwa wakati. Twende kwa daktari."

Siku ile ile faili likarekebishwa. Siku ile ile dawa ya bendeji ikarudishwa. Ilikuwa rahisi hivyo, jamani. Sentensi moja, na nilikuwa nayo mdomoni wiki tano.

Mume wangu hakunigombeza. Alinyamaza siku tatu, na mimi ningependelea anigombeze. Siku ya nne akaniletea chai, akasema, "Ungeniambia, tungebeba wawili." Mwalimu wa madrasa naye nilimwendea kumwomba radhi, maana nilikuwa nimelitumia vibaya alilonipa. Yule mzee akanitazama akasema, "Kwani nani amekwambia dua haimfiki mtoto mwenye njaa?" Akamwombea pale pale, mikono mitupu. Wifi yangu analia mpaka leo akikumbuka, na mimi namwambia mkono uliomimina ule uji ni wangu, si wako.

Siku ya upasuaji nilimsindikiza mpaka mlangoni. Tumbo lake lilikuwa tupu kweli, na mimi nilikuwa nimefunga pamoja naye. Nikampandisha kimoja kimoja. Cha nne tukaruka. Kufika cha saba akavalishwa ile barakoa ya usingizi, hakuisukuma, hakulia. Kijana aliniambia baadaye kwamba hakuhitaji kupewa ile dawa ya kumtuliza kabla, na alipoamka sindano za maumivu zilikuwa chache kuliko alivyotarajia. Nisieleweke vibaya. Dawa zilikuwepo, usingizi ulikuwepo, kisu kilikuwepo. Maneno hayakufukuza dawa, yalizipunguzia kazi. Atakayewaambia maneno peke yake yanatosha, mkimbieni.

Leo kiwiko kinakunjuka. Si chote, kimebaki kidogo, na kila asubuhi na jioni lazima nimnyooshe, analalamika na mimi nalalamika. Anakula kwa mkono wa kulia. Wali unamwagika njiani, nusu unakwenda kwa kuku, lakini mkono ni wa kulia. Baba yake akimwona anageuza uso.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru yule kijana aliyekasirika bila kunitupa. Nawashukuru wauguzi, na akina mama wa vitanda vya jirani walionifulia nguo nilipokuwa siwezi hata kukamua kanga. Na mwanangu nimeshamwomba msamaha. Aliniambia, "Si nilikwambia muuguzi amekataza?" Basi, akaenda kucheza.

Sasa neno langu la mwisho. Watu hawa wakikuuliza mtoto amekula nini, hawakutafutii makosa, wanatafuta njia ya kumrudisha mwanao. Wakikuuliza anapenda nini, anaogopa nini, waambie, hata kama unaona ni upuuzi. Mtoto wako unamjua wewe. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtoto hajaanza kukulipia.

Nimesikia asubuhi hii kuna watoto wawili wanaingia chumba cha upasuaji. Kama yupo hapa mama au baba aliyempa mwanawe kitu, kombe, uji, maji ya baraka, hata kipande cha andazi kwa kumwonea huruma, simlaumu. Muuguzi yuko chumba cha pili kulia. Mimi nimechoka, nitainamisha kichwa nifumbe macho kidogo. Na nyie wengine inamisheni. Anayetaka kunyanyuka anyanyuke sasa, mlango uko wazi, na hakuna atakayetazama ni nani.